Mgongo wa Mwasisi

Jumanne, 3 Juni

Nimepata nafasi! Naandika haraka kabla furaha haijapoa, na kabla Nyokabi hajaniita kuhusu mfereji wa paa.

Yote yalianza juzi, Madaraka Dei. Nilikuwa nimeketi mbele ya televisheni nikitazama gwaride. Nyokabi akapita na ndoo, maana mfereji unavuja tangu mvua za Aprili. Akanitazama, akasema nimeketi kama mtu mwenye nchi yake. Mke wangu hanisifu mara kwa mara, kwa hiyo nililitafakari neno hilo mpaka gwaride likaisha. Ni kweli tupu. Nina kitambi cha heshima. Nina sauti. Nina tabia ya kutojibu maswali. Nchi ngapi zimeanzishwa na watu wasio na hata hayo?

Na redio ilikuwa imetangaza wiki nzima: kuna kampuni inatengeneza tamthilia ya televisheni iitwayo Mwasisi, kuhusu maisha ya rais wa kwanza wa nchi fulani. Nchi haitajwi jina. Mawakili wao ndio walioshauri hivyo. Majaribio ya kuchagua waigizaji yalikuwa leo, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo moja nyuma ya bustani ya Jeevanjee.

Sikwenda mikono mitupu. Mwasisi bila mgwisho ni mzee tu kama wazee wengine. Nilijaribu kwanza mkia wa ng'ombe wa jirani, ng'ombe akakataa kwa mguu. Nikachukua wigi la Nyokabi, lile la Jumapili lenye nywele ndefu na kishungi kimoja chekundu, nikalifunga kwenye mpini wa mwiko. Mgwisho wa hali ya juu! Atalikosa Jumapili, lakini leo ni Jumanne.

Ngazi zilijaa marais. Kila mmoja ana ndevu, kila mmoja ana fimbo, kila mmoja anaiga yule anayemkumbuka yeye. Mwelekezi ni mwanamke mfupi aitwaye Kanyiva, ana kofia ya sufu na sauti ya karani wa mahakama. Aliitazama sura yangu kwa muda mfupi mno, akasema asante. Nikageuka niondoke, kwa uchungu. Hapo ndipo aliponiita.

"Mzee, simama hivyo hivyo. Usigeuke. Hiyo mgongo umetoa wapi?"

Nilimjibu kwamba nimeurithi kwa baba yangu, Gichuru, fundi wa mawe. Akaeleza. Uso wa Mwasisi akiwa mzee bado wanautafuta, lakini mambo yake mengi yatapigwa picha kutoka nyuma: akiwa dirishani, akiwa jukwaani, akiwaacha mawaziri wamekaa. Anataka mgongo wenye mamlaka. Amezunguka wiki mbili, na leo ameupata.

Ni mgongo tu, watasema wenye wivu. Lakini uso bado haujapatikana. Mtu aliyekwisha kuingia sebuleni hashindwi kufika jikoni.

Jumatano, 4 Juni

Nyokabi aliuliza nimepewa nafasi gani. Nikasema, Mwasisi. Si uongo. Mgongo wa mtu ni wa nani kama si wake?

Kosa langu ni kulisema mbele ya Everlyn, katibu wa akina mama wa kanisa. Mdomo wa Everlyn hauna breki. Mchana nilipofika buchani, muuza nyama alinikatia steki akiniita Mheshimiwa. Saa kumi mchungaji akapiga simu. Tamthilia ikianza watatundika shuka jeupe ukumbini na kuionyesha kwa projekta, mtaa wetu wote wa Uthiru utakuja, na mimi nitaketi mbele na wageni wa heshima. Nikakubali. Ningefanyaje?

Jioni akaja Shiru. Ndiye binti yetu wa pekee, anafanya kazi benki huko Upper Hill, na alikuwa bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Alinipongeza. Kisha akasema watu wa kina Were wanaomba kuja kubisha hodi Jumamosi ya wiki ijayo.

Were ni kijana anayetaka kumwoa. Sina neno naye. Anasalimia vizuri na anakula anachopewa. Neno ninalo na baba yake, Mzee Omollo wa mtaa wa Satellite. Tulikutana mara moja tu, siku ya mahafali ya watoto. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nimeikariri mbele ya kioo. Omollo akashika kipaza sauti kabla yangu, hakukiachia mpaka wali ukapoa, na mbele ya watu wote akamwita Shiru binti yangu. Binti yake tangu lini?

Nikamwambia Shiru tuahirishe. Waje tamthilia ikishaanza, wajue wanaingia boma la nani. Akanikumbusha kwamba mara ya kwanza niliahirisha kwa sababu lango lilitaka rangi, na mara ya pili kwa sababu ya kidole gumba cha mguu. Lango halijapakwa rangi mpaka leo. Hakupandisha sauti.

"Baba, unataka niolewe ama hutaki?" akauliza. "Niambie tu, nijue."

Nikasema nataka. Na ni kweli nataka. Ila akiolewa na kuacha kutupitia jioni, nyumba hii itabaki na mimi, Nyokabi na mfereji, na nikifikiria hilo naumia. Sikumwambia. Nilimwambia tu aahirishe. Akaondoka bila kunywa chai.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya kwanza ya kupiga picha! Ikulu ni nyumba ya mawe ya zamani kule Satellite, nyuma ya uwanja wa kuoshea magari. Nilivishwa koti refu la Mwasisi. Kanyiva aliupenda mgwisho wangu mara moja, akasema utatumika tamthilia nzima. Nikasikia fahari, halafu nikakumbuka wigi ni la nani.

Kazi ya kwanza: Mwasisi amesimama dirishani, anaitazama nchi yake changa. Nchi ilikuwa kitambaa cha kijani kilichoshikwa na wanaume wawili. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kugeuka kidogo kidogo, kama jua, mpaka uso wangu ufike kwenye kamera bila mtu kushtuka. Mara ya kwanza Kanyiva akasimamisha kazi, akasema anaona sikio. Mara ya pili akasema anaona shavu. Mara ya tatu nikapiga chafya, chafya ya kugeuza mwili mzima. Wakaja wakabandika viatu vyangu sakafuni kwa utepe.

Chakula cha mchana kikaletwa. Nani anawapikia hawa watu? Mama Selpher wa Satellite! Mama yake Were! Na nyuma yake, amebeba sufuria ya maharagwe, Omollo mwenyewe, na ndevu zake nyeupe. Nilijificha nyuma ya bendera ya taifa lisilotajwa. Akaniona. Akaniita muthoni, yaani mkwe kwa Kikuyu chetu, kwa lafudhi yao ya Kijaluo. Akauliza nafanya nini hapa. Nikajinyoosha ndani ya koti nikamwambia kwamba mimi ndiye Mwasisi.

Uso wake ulishangaa. Ulishangaa vizuri mno, kwa bahati mbaya yangu, maana Kanyiva alikuwa anapita na sahani yake. Akasimama. Kijiko kikabaki hewani.

Akamwambia Omollo aweke sufuria chini, atazame mbali, asitabasamu. Omollo akatazama mbali. Ukweli usemwe, na mimi nausema kwa kinyongo: alionekana kama mtu anayeona miaka hamsini mbele. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kifuniko.

Kabla maharagwe hayajaisha, Omollo alikuwa uso wa Mwasisi. Hakuja hata kutafuta kazi. Alileta maharagwe!

Jumamosi, 7 Juni

Nimelala vibaya, nimeamka na mpango. Uso wa Omollo ni ndevu tu. Ndevu zikiondoka, nini kitabaki? Kidevu cha mzee wa kawaida. Kanyiva atashtuka, atageuka, ataniona nimesimama pale na kidevu changu.

Nilimpigia simu asubuhi kwa sauti ya upole, kama mkwe kwa mkwe. Nikamwambia watu wa picha wana aibu kumwambia, lakini desturi ya kazi hii ni mwigizaji kuja amenyoa, ndevu wakambandikie wao. Alinishukuru sana. Akaniombea baraka. Akaenda kwa kinyozi pale pale Satellite.

Saa tano Kanyiva akamwona. Akamzunguka. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikaanza kufungua vifungo vya koti ili nisiwacheleweshe.

Kumbe ni furaha! Alisema ndevu zilikuwa zimeficha taya, na taya ile ndiyo nchi yenyewe. Akabadilisha maandishi papo hapo: Mwasisi aliapa kutonyoa mpaka uhuru upatikane, na sasa umepatikana. Onyesho jipya kabisa, la kunyoa, lote kwa ajili ya uso wa Omollo. Mimi nikasimama kando ya kiti, mgongo kwa kamera, nikiwa kinyozi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumatatu, 9 Juni

Jana Nyokabi alitafuta wigi. Alitafuta chini ya vitanda, akatafuta kwenye pipa la unga. Alikwenda kanisani na kitambaa kichwani na hakuimba. Sasa anamshuku Everlyn, ambaye juzi alikuja kuazima sufuria. Hawasemezani. Nilifikiria kusema, nikaona ni vibaya kuingilia mambo ya wanawake.

Leo Omollo alinivuta kando wakati wa chai. Amekwisha kujua. Mtu yeyote anayekaa pale siku mbili anajua nani ni mbele na nani ni nyuma. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Aliniwekea mkono begani.

"Muthoni, hiyo maneno itabaki hapa kwa Ikulu," akasema. "Wewe ni mkwe yangu. Mimi siwezi kuanika wewe."

Sijawahi kuaibika namna ile. Angenicheka ningemchukia kwa raha. Badala yake ilinibidi nimshukuru.

Kisha akauliza kuhusu Jumamosi. Akasema wazee wao wako tayari na wanasubiri neno langu tu. Nikamwambia kidole gumba kimerudi.

Jumanne, 10 Juni

Mpango mkubwa! Kesho tunapiga picha Mwasisi akimwoza binti yake. Nilikwenda kwa Kanyiva kama mtaalamu wa mila. Nikamweleza tunavyofanya kwetu. Wakwe huleta pombe. Baba haigusi mpaka amuulize binti yake mbele ya wazee: hawa watu wameleta pombe, niinywe? Binti akisema kunywa, amekubali. Baba akinywa, naye amekubali. Hapo mlango umefunguka, na hakuna anayeweza kuufunga.

Kanyiva aliandika kila neno. Nikaongeza, polepole, kwamba kitu cha kutazamwa hapo ni uso wa baba. Na uso wa baba katika jambo kama hilo hauwezi kuigizwa na mtu wa kutoka Satellite. Unahitaji mtu aliyezaliwa ndani ya mila.

Alifumba macho, akafikiri. Akasema ni onyesho zuri kuliko yote. Akasema kitu cha kutazamwa ni uso wa binti, kwa hiyo kamera itakuwa nyuma ya baba.

Nyuma! Tena nyuma!

Sikukata tamaa. Nikasisitiza kwamba basi angalau kila kitu kiwe halisi, nikitegemea akiiona heshima yangu atanisogeza mbele. Siku hizi kanisani kwetu tunatumia soda. Nikakataa soda. Nikasema lazima iwe muratina, pombe yetu ya asali, na wazee wawe wazee, si waigizaji wenye unga kichwani. Nimempigia Karanja, binamu yangu mkubwa na msemaji wa ukoo wetu. Amekubali kuleta pombe na wazee wengine wawili. Alikubali kwanza pombe, kisha wazee.

Jumatano, 11 Juni

Nitaandika kama yalivyotokea.

Baridi ilikuwa ya kuuma. Mwigizaji wa kuwa bibi harusi alipiga simu: mafua, hana sauti. Kanyiva akazunguka uwanja akiuma kofia yake. Na nani alikuwa amesimama kando ya sufuria za Mama Selpher? Shiru wangu! Alikuwa amechukua siku ya mapumziko kazini, amekuja na Were kusaidia kubeba chakula. Kanyiva akamwomba asimame mahali pa bibi harusi.

Shiru aliuliza maswali mawili tu. Kwanza, kama pombe ni ya kweli. Karanja akamhakikishia kwa kuionja mara ya nne. Pili, kama wale wazee ni wa kwetu hasa. Nikajibu mimi, kwa majivuno: ni wa kwetu, msemaji wa ukoo mwenyewe. Akasema sawa. Alikubali haraka mno. Nilipaswa kujiuliza.

Upande wa wakwe viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo Kanyiva akamwita kila aliyekuwa karibu. Akaketi Were. Akaketi Mama Selpher na aproni yake. Omollo uso wake haukuhitajika, basi akavishwa kofia pana iliyomfunika mpaka puani, akaketi nao. Hatimaye uso wake umefichwa! Nilifurahi. Jamani, nilifurahi!

Nikasimama na koti langu, mgongo kwa kamera. Shiru akaja mbele yangu. Walikuwa wamemvika lesi na shanga, na amebeba pembe ya pombe kwa mikono miwili. Shiru amebeba jina la mama yangu. Nilipomwona amevaa vile, nilimwona mama yangu anatoka jikoni, na maneno ya maandishi yakanipotea yote. Kwenye maandishi binti anaitwa Tumaini. Mimi nikasema, "Shiru, mama, hawa watu wameleta pombe. Niinywe?"

Akanitazama machoni. Yake yalikuwa na maji.

"Kunywa, Baba," akasema.

Nikanywa. Yote. Mpaka tone la mwisho.

Kanyiva hakusimamisha kamera kwa muda mrefu. Aliposimamisha, alikuja mbele akanishika mkono, akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona mgongo ukilia. Ndiyo, nililia. Muratina ya Karanja ni kali.

Nikageuka nikakuta wazee wangu wamesimama na kofia mikononi. Karanja akatangaza kwamba wamesikia na wameona. Nikamwambia ilikuwa maigizo. Akaniuliza kama pombe ilikuwa ya maigizo. Nikasema hapana. Akauliza kama mtoto alikuwa wa maigizo. Nikasema hapana. Jina nililomwita, je? Koo lililomeza, je? Na wale waliokaa upande ule si ndio walewale ninaowakwepa tangu Januari kwa lango na kidole?

Omollo akavua kofia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba. Mama Selpher alikuwa anapangusa macho kwa aproni. Shiru akaja akanikumbatia, akanong'ona kwamba Jumamosi watafika saa nne na nisijali kuhusu rangi ya lango.

Nimemwoza binti yangu nikiwa nimeipa kamera mgongo. Na nani aliyedai pombe iwe ya kweli? Mimi. Nani aliyeleta wazee? Mimi. Mtoto huyu amejifunza wapi ujanja?

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja. Walisimama nje ya lango lisilo na rangi wakaimba mpaka mtaa mzima ukatoka. Tulikula, tukacheka. Karanja alisema maneno yaliyotakiwa kusemwa, nao wakajibu vizuri. Omollo akapewa nafasi ya kuhutubia, akainuka, akasema tu kwamba mimi na yeye sasa ni mtu mmoja. Watu wakapiga makofi. Ni mimi na yeye peke yetu tuliojua ni kweli kiasi gani.

Nyokabi alikuwa mzuri sana. Ila kichwani alikuwa na kitambaa, na kila Everlyn alipopita na sinia, alikishika.

Jumapili, 24 Agosti

Leo ilikuwa sehemu ya kwanza. Nilifikiria kuugua. Shiru alikuja asubuhi kunichukua, akasema kidole gumba kitembee.

Ukumbi ulijaa. Nikaketishwa mbele, kiti chenye kitambaa, mchungaji kulia kwangu na muuza nyama nyuma yangu. Taa zikazimwa. Muziki ukapigwa. Na juu ya shuka, mkubwa kama ukuta, ukatokea uso wa Omollo.

Kisha minong'ono. Sauti ya Everlyn ikauliza mbona huyo ni mkwe, na Mheshimiwa yuko wapi. Mchungaji akanitazama kwa huruma, na huruma ya mchungaji ni nzito kubeba. Nikajishusha kitini. Nilitamani ardhi ipasuke, hata kidogo tu, ya kunitosha mimi.

Kisha picha ikabadilika. Dirisha. Kitambaa cha kijani. Mgongo.

Nyokabi akasimama. Katikati ya ukumbi, kwenye giza, kwa sauti yake ile ya kuita kuku.

"Huo mgongo naujua! Ndio huwa ananionyesha nikimwambia atengeneze mfereji!"

Walicheka. Walicheka mpaka mchungaji akavua miwani. Muuza nyama alinipiga begani akasema mgongo ule ni wangu hata gizani. Na walipomaliza kucheka, ajabu, walianza kushangilia. Kila mgongo ulipotokea walipiga makofi. Uso wa Omollo ulipotokea walinyamaza, wakingoja nigeuke tena. Nilijiinua kidogo kitini. Kisha nikajiinua kabisa.

Hapo ndipo Mwasisi alipoinua mgwisho kusalimia taifa. Mgwisho mkubwa, wenye nywele ndefu nzuri, na kishungi kimoja chekundu.

Nyokabi alikuwa bado hajaketi.

Sitaandika aliyoyasema. Ni Jumapili. Nitaandika tu kwamba amemwomba Everlyn msamaha mbele ya watu wote, na mimi nimeahidi wigi jipya, na nimekaa juu ya paa mchana mzima nikitengeneza mfereji.

Shiru alinishikia ngazi. Nilipokuwa juu, akasema ameweka tarehe ya harusi, Desemba, na anataka nimshike mkono nimpeleke mpaka madhabahuni. Akasema kanisa lote litauona mgongo wangu njia nzima, na yeye atakuwa kando yake, na hataki mwingine. Niligonga msumari usiohitaji kugongwa. Nampenda mtoto huyu kuliko nchi yoyote.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimefikiria vizuri jambo la harusi. Mpiga video atakuwa mlangoni, nyuma yetu. Nyuma! Uthiru yote imekwisha kuona mgongo wangu. Nini kimebaki cha kuwaonyesha?

Nikitembea kiubavu kidogo, Shiru hatajua. Kidogo kidogo, kama jua. Tukifika safu ya tatu sikio litakuwa limeonekana. Safu ya sita, shavu. Mbele ya madhabahu nitakuwa nimegeuka kabisa, na Omollo atakuwa ameketi kiti cha mbele, amewapa watu kisogo.

Kitu kimoja tu kinakosekana mkononi. Nyokabi ametoka mjini sasa hivi na wigi lake jipya. Zuri. Refu kuliko lile la kwanza.